Mbwa wetu amerudishwa mara mbili: nimpe tajiri wa mtaa wa Golf?

Yaya, mkubwa wangu, jambo yako.

Mimi ni mmoja wa watu wachache tunaolea mbwa waliotupwa, katika parsele moja, yaani kiwanja, hapa Kampemba, Lubumbashi. Hakuna anayelipwa. Mwenye parsele alituachia upande wa nyuma, tukajenga vibanda vya mabati, na kila mmoja analeta alichonacho: unga wa bukari (ugali), vichwa vya samaki, mabaki kutoka kwa muuza nyama. Mbwa wengi hupata watu wa kuwachukua. Wadogo huondoka haraka, na wapole pia. Anayebaki kila mara ni Kapita.

Tulimpata akiwa mtoto, amefungwa kwa waya karibu na reli. Sasa ana kama mwaka mmoja na nusu, manyoya ya kahawia, uso mweusi, masikio yamesimama. Daktari wa mifugo alisema nusu ya damu yake ni Malinois na nusu ni mbwa wetu wa mitaani. Jina la Kapita, yaani msimamizi wa kazi, alilipata kwa sababu tangu akiwa mdogo kila asubuhi huzunguka vibanda vyote akikagua nani yupo na nani hayupo. Yaya, huyu mbwa ana upendo usio na kipimo. Ukikaa chini anakuja, analaza kidevu juu ya mguu wako, kisha anashusha pumzi ndefu. Hata mgeni wa siku ya kwanza anamfanyia hivyo.

Lakini adabu hana. Lango likifunguka anaruka hadi usoni. Kuna mama mmoja alimpasua mdomo, kwa kichwa, si kwa meno. Kamba ukimvisha anaidaka na kuivuta hadi mkono unauma. Amekwisha kupindua sufuria ya bukari ikiwa bado motoni. Na hivi karibuni aliruka ukuta akaua kuku wa jirani, ikabidi tulipe.

Amechukuliwa mara mbili, mara mbili akarudishwa. Kwanza ilikuwa familia moja ya Katuba yenye watoto wanne. Watoto wakikimbia uani, anawafuata kwa nyuma na kuwabana visigino kwa meno. Damu haikutoka, ila mtoto mdogo alianza kuogopa kutoka nje. Kisha akaja kijana anayefanya kazi mgodini, anaishi peke yake. Anaondoka alfajiri, anarudi usiku. Kapita alitafuna mlango, akamaliza na godoro.

Sasa amejitokeza mfanyabiashara mmoja wa Golf. Ana parsele kubwa, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, na anataka mbwa mkali. Mchana Kapita atakaa kwenye mnyororo, usiku atafunguliwa azunguke pamoja na zamu, yaani mlinzi wa usiku. Tena amesema atatuachia dola 150. Yaya, kwetu hizo ni mifuko kadhaa ya unga. Wenzangu wote wanasema tumpe. Mmoja ananiambia hata tusimtajie mambo ya Katuba wala ya kuku, kwa sababu tukisema yote hakuna atakayemtaka tena. Huyo bwana anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwingine hakuna. Yupo tu mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye huja Jumapili baada ya misa, analeta makombo na kukaa na Kapita. Lakini anaishi mbali, kwenye barabara ya Kipushi, anafuga kuku, ua wake ni wa miti na nyasi, na anakaa na mjukuu wake anayesoma chuo. Siku moja aliniuliza Kapita anakula kiasi gani kwa siku, nikaona basi, hata chakula kitamshinda.

Nimpe tajiri? Au nimchukue mwenyewe, ingawa napanga vyumba viwili tu na kazini natoka jioni? Nalala nikilia.

Mlezi wa Kapita, Kampemba

*

Mdogo wangu, huyo bwana wa Golf usimpe Kapita. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza, na mwisho wa mwezi hauko mbali.

Tuutazame mnyororo wenyewe. Mbwa aliye huru akiona kitu kinachomtisha, anaweza kukisogelea akakinusa, au anaweza kuondoka. Aliyefungwa hana hata moja kati ya hayo. Muuza mkate, fundi wa bomba, mtoto aliyefuata mpira wake, wote wanamfikia akiwa amebanwa mahali pamoja, na siku baada ya siku anajifunza kwamba kelele na meno ndivyo vinavyowafukuza watu. Wengi hapa mjini huo ndio wanaouita ukali wa kulinda. Mimi nauita woga uliokomaa. Na mbwa mwoga hachagui wa kuuma: atamuuma mwizi, atamuuma pia mke wa zamu aliyeleta chakula cha jioni. Mpe Kapita mwaka mmoja wa maisha hayo, na yule anayelaza kidevu juu ya mguu wa mgeni hutamwona tena. Siku atakapomrarua mtoto wa mtu, hawatamrudisha kwenu. Wewe mwenyewe unajua watakachomfanya.

Uzito wa dola 150 naujua, sikuchukulii kuwa mtu wa tamaa. Ila mkizipokea kwa ajili ya Kapita, mwezi ujao atakuja mwingine mwenye ukuta mrefu na bahasha, naye mtashindwa kumkatalia. Ikiwa unataka kumtendea huyo bwana haki, muulize swali moja tu: mchana, nani atakaa na mbwa huyu? Akijibu kwamba kuna mnyororo, mshukuru kwa adabu na mazungumzo yaishie hapo.

Sasa nirudi kwenye barua yako, kwa maana sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe.

Malinois ni mbwa wa Ubelgiji, wa upande wa mji wa Malines, na kazi yake ya asili ilikuwa kuchunga mifugo. Kazi hiyo inataka mbwa wa kuzunguka kundi mchana kutwa, kumrudisha anayetoka nje ya mstari, na akikaidi kumbana mguuni bila kumjeruhi. Leo polisi na majeshi ya nchi nyingi wanamtumia mbwa huyo kwa sababu hachoki upesi na akili yake haitulii. Soma tena habari ya Katuba ukijua hilo. Watoto wanne wanakimbia uani huku wakipiga kelele: kwa macho ya Kapita, kundi limetawanyika na hakuna mchungaji. Akafanya kazi ambayo damu yake inamwambia aifanye, na hata meno aliyapima, ndiyo maana damu haikutoka. Familia ile ilikuwa na haki ya kumrudisha, mtoto hapaswi kuogopa ua wa kwao. Lakini ukatili haukuwepo pale. Kisha akaenda kwa kijana wa mgodi, na huko hata watoto wa kuchunga hakuwakuta. Alikuta chumba, mlango na godoro, tangu alfajiri hadi usiku. Mbwa wa aina hiyo usipompa kazi atajipa mwenyewe.

Kwa hiyo nyumba inayomfaa tunaweza kuieleza waziwazi. Iwe ya watu wazima, au yenye vijana wakubwa waliokwisha kuacha kukimbia ovyo. Awepo mtu sehemu kubwa ya siku. Iwe na nafasi ya kutembea, na mwenyeji mwenye mazoea ya kufanya jambo lile lile kila asubuhi, maana mbwa kama Kapita hutulia anapojua nini kinafuata. Vigae na lango la umeme hajali. Kwako wewe hapafai, mdogo wangu, hata kama moyo unakuvuta: ungekuwa yule kijana wa mgodi mara ya pili, na kila jioni ungerudi kukuta mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Sasa tumzungumzie yule mzee. Umemtaja mwishoni kabisa, baada ya kusema mwingine hakuna. Mimi nilipofika hapo niliisoma aya yako mara ya pili. Mtu ambaye Jumapili anakuja mwenyewe, bila kuitwa, na kati ya mbwa wote anakaa na huyu asiyetakiwa, amekwisha kuchagua. Na lile swali la chakula umelichukua vibaya. Anayetaka mbwa kwa maneno haulizii anakula nini. Anayeuliza kiasi cha chakula cha siku moja ameanza kupiga hesabu ya unga nyumbani kwake, na mstaafu wa reli wa mji huu ana sababu zote za kupiga hesabu kabla ya kusema neno. Yeye amengoja umwambie, wewe umengoja aseme.

Hata hivyo simtaki Kapita aende kule kwa haraka. Kuna mambo manne ya kutazama, na la kwanza ni mjukuu. Kapita ana nguvu. Akivuta kamba ghafla anaweza kumwangusha mzee, na mfupa wa nyonga wa mtu wa umri huo ukivunjika ni balaa la nyumba nzima. Kwa hiyo mjukuu naye lazima amtake huyu mbwa. Mwalike aje bila babu yake, mpe kamba, mwache azunguke na Kapita nusu saa, umtazame anavyofanya akivutwa. Akimpiga, au akikuambia anakubali kwa ajili ya babu tu, basi bado hakuna nyumba.

La pili ni kuku, na hapa nakuomba usijidanganye. Kapita amekwisha kuua kuku mmoja, na atakayeruka mbele yake akipiga mabawa atamfuata. Atatokea mtu wa kukushauri umfunge kuku mfu shingoni ili ajifunze. Usifanye hivyo: unamtesa mnyama wala hajifunzi lolote. Kinachosaidia ni banda la kuku lenye waya wa matundu madogo, uliofukiwa chini kidogo ili asichimbe, kuku wabaki humo saa ambazo Kapita yuko huru, na Kapita awe kwenye kamba mkononi mwa mtu kila kuku wanapotolewa. Siku ile ya kwanza, mpitishe mbali na banda. Akitazama kuku kisha akakugeukia wewe, mpe kitu kitamu hapo hapo. Akikaza macho, mwili ukawa mgumu, ondoka naye bila kelele, usingoje aruke. Anaweza kuzoea kuishi karibu nao. Kuachwa peke yake nao, asiachwe kamwe. Mwambieni mzee maneno hayo hayo kabla hajakubali.

La tatu ni ua. Ua wa miti na nyasi hautamzuia mbwa aliyeruka ukuta wa Kampemba. Lakini si lazima parsele nzima izungushwe. Kona moja yenye kivuli, iliyozungushiwa mabati marefu au waya kwa nguzo imara, inatosha kwa saa ambazo hakuna wa kumwangalia. Hapo ndipo mngepaswa kuchangishana ninyi nyote wa kimbilio, kwa mikono hata kama fedha hamna. Vijana wawili, nyundo na misumari, Jumamosi moja.

La nne ni kumfundisha, nalo lianze leo hapo hapo kwenu, yeyote atakayemchukua.

Anza na lango. Kapita anaruka kwa sababu kuruka kunamlipa. Anayesukumwa kwa mikono anaona amechezewa, na anayepigiwa kelele anaona mwenzake naye anabweka. Anayeingia asimame, amgeuzie mgongo, mikono kifuani, macho pembeni, asiseme kitu. Miguu yote minne ikigusa ardhi, hapo hapo amgeukie na kumpa kipande kidogo cha chakula, chini, karibu na kifua cha mbwa ili asiwe na sababu ya kuinuka. Akiruka tena, mgongo tena. Siku za mwanzo ataruka kwa nguvu zaidi kuliko zamani, kwa kuwa anajaribu njia iliyokuwa ikimfaa. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Na wote mfanye vivyo hivyo. Akitokea mmoja tu wa kumkumbatia anaporuka, mnafuta kazi ya wiki nzima.

Kamba ya shingoni achaneni nayo. Mpelekee mshona viatu mkanda mzuri wa gari kuukuu, akushonee mkanda wa kifuani wenye pete mbele. Akivuta, mwili unageuka kuelekea kwako badala ya shingo kukabwa. Akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea. Matembezi ya kwanza hamtafika mbali, na haidhuru.

Halafu mpe pua yake kazi. Chukua kapenta wakavu wachache, wale dagaa, waoshe chumvi yote, uwatawanye kwenye nyasi, umwachie awatafute mmoja mmoja. Nusu ya chakula chake cha siku anaweza kukipata kwa kutafuta. Mbwa aliyefikiri kwa pua kwa muda mfupi hulala vizuri kuliko aliyekimbizwa tu. Mzee amestaafu, ana muda, kwa hiyo mchezo huo utakuwa rahisi zaidi kwake kuliko kwenu.

Kama hajahasiwa, mhasini kabla hajaondoka. Kuhasi kunapunguza hamu ya kuzurura kutafuta majike na kunazuia watoto wengine wa kutupwa karibu na reli, ila hakumfundishi adabu, msimwahidi mzee hivyo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, waulizeni huko. Na kitabu cha chanjo kisafiri pamoja na mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kutolewa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa baada ya mwaka, na baada ya hapo kwa ratiba ya daktari. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo jino lolote lililopasua ngozi, la Kapita au la mbwa wa njiani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na siku hiyo hiyo mtu aende kituo cha afya. Mjukuu ayaandike hayo mahali yatakapoonekana.

Nimebakiza yule mwenzako anayetaka mnyamaze. Namwelewa, anaogopa Kapita atazeekea kwenye kibanda cha mabati. Lakini mkimficha mwenyeji habari ya kuku, kuku watakufa, na Kapita atarudi kwa mara ya tatu akiwa na jina baya zaidi. Kila anaporudishwa anapoteza watu aliokwisha kuwazoea, mnamwona akizunguka vibanda akiwatafuta. Mzee akikataa, tangazeni hivi, na mlisome kwa sauti kanisani na sokoni:

"Tunamtafutia Kapita nyumba. Dume, mwaka mmoja na nusu, Malinois nusu, amechanjwa. Anapenda watu wote. Anaruka, anavuta kamba, anaua kuku, anabana visigino vya watoto wanaokimbia, akiachwa peke yake siku nzima anaharibu. Anajifunza haraka kwa chakula. Anahitaji mtu anayeshinda nyumbani, asiye na watoto wadogo, anayependa kutembea asubuhi. Hatumtoi kwa mtu wa mnyororo. Akishindikana, mrudisheni kwetu, hatutawalaumu."

Tangazo hilo litawafukuza watu wengi, na ndiyo kazi yake. Atakayebaki baada ya kulisikia lote, huyo zungumza naye.

Lakini kwanza nenda kwa mzee. Usingoje Jumapili, panda gari la Kipushi umfuate kwake, uone ua na kuku kwa macho yako, umwambie yote, kisha umwambie pia kwamba mnamletea sehemu ya unga kwa miezi ya mwanzo hadi ajue gharama. Mkubaliane muda wa kujaribu, mwezi mmoja au miwili, na kwamba kumrudisha Kapita ndani ya muda huo si aibu. Mkipatana, ahame kabla ya Novemba, mvua na radi zetu zisimkute siku ya kwanza mahali asipopajua. Apelekwe asubuhi, siku ambayo mjukuu haendi chuo, wasiite majirani kuja kumwona. Siku za mwanzo huenda atakula kidogo na kulala sana, akaonekana mpole kupita kawaida. Mzee asidhani ndiyo tabia yake. Kuruka na kuvuta vitarudi akishaona pale ni kwake, nao waendelee na mgongo na chakula cha chini kama mlivyoanza. Wewe usiende kumtazama upesi, maana akikuona atataka kuondoka nawe. Acha wiki kadhaa zipite, mpigie mjukuu simu, na ukienda, nenda na unga.